Idadi ya watu na barabara katika vijiji vya Uhindi

Idadi ya watu na barabara katika vijiji vya Uhindi ni mambo mawili yaliyofungamana kisheria na kihesabu. Tangu mwaka 2000 serikali ya Uhindi hutumia idadi ya wakazi iliyoandikwa katika sensa kuamua ni kitongoji kipi kijengewe barabara kwanza, kipi kisubiri na kipi kisiwemo kabisa katika orodha. Kitongoji cha watu 510 kwenye nchi tambarare kina haki ya kupata barabara. Jirani yake mwenye watu 490 hana haki hiyo, hata kama yuko mbali zaidi na hospitali. Kwa sababu hiyo tarakimu ya wakazi, ambayo katika makala nyingi kuhusu vijiji huonekana kama taarifa ya kujaza nafasi tu, kwa kijiji kidogo cha Uhindi ina uzito mkubwa.

Kijiji katika sensa

Kwa wakazi wake, kijiji ni nyumba, visima, mahali pa ibada na mashamba yanayozunguka. Kwa sensa ya Uhindi kijiji ni kipande cha ardhi chenye mipaka iliyopimwa, chenye jina na namba katika daftari la kodi ya ardhi. Utaratibu huu umetoka katika utawala wa Waingereza, ambao nao walijenga juu ya taratibu za kodi za Wamughal waliowatangulia. Lengo lilikuwa kujua kila shamba lilipe kiasi gani, wala si kujua watu wanaishi vipi.

Makazi huhesabiwa kuwa mji yakiwa na halmashauri ya mji iliyotangazwa kisheria, au yakitimiza masharti matatu kwa pamoja: wakazi wasiopungua 5,000, watu wasiopungua 400 kwa kilomita ya mraba, na walau asilimia 75 ya wanaume wanaofanya kazi wawe nje ya kilimo. Mengine yote ni vijiji. Ndiyo maana kuna "vijiji" vya watu zaidi ya 10,000 ambavyo bado vinaitwa vijiji, na vingine vyenye familia tano.

Sensa ya mwaka 2011 iliorodhesha vijiji zaidi ya 640,000. Kati ya hivyo, karibu 600,000 vilikuwa na wakazi. Wakazi hao wa vijijini walikuwa takriban milioni 833, yaani asilimia 69 ya Wahindi wote, idadi inayozidi ile ya watu wote wa Ulaya. Wastani ni karibu watu 1,400 kwa kijiji, ingawa wastani huo unaficha tofauti kubwa mno kati ya bonde la mto Ganga, ambako vijiji vimesongamana, na milima ya Himalaya au jangwa la Rajasthan.

Vile vingine zaidi ya 40,000 havina mtu. Katika madaftari ya ardhi ya kaskazini huitwa *be-chirag*, maneno ya Kiajemi yenye maana ya "bila taa": mahali ambapo jioni hakuna anayewasha taa. Kijiji cha namna hiyo hubaki na jina, namba na mipaka yake, kwa kuwa ardhi yake bado ina wenyewe.

Umbali kwa herufi tatu

Pamoja na kuhesabu watu, sensa hukusanya taarifa za huduma za kila kijiji. Huuliza kama kuna shule, zahanati, posta, basi la umma, kituo cha reli, barabara ya lami na mengineyo. Huduma isipokuwepo kijijini, karani huandika iko umbali gani kwa herufi moja tu: *a* ikiwa iko chini ya kilomita 5, *b* ikiwa kati ya kilomita 5 na 10, na *c* ikiwa mbali zaidi ya hapo. Matokeo huchapishwa katika vitabu vya sensa vya kila wilaya, na humo ndimo zilimotoka makala nyingi fupi kuhusu vijiji vya Uhindi.

Herufi hizo zinafaa kwa kulinganisha maelfu ya vijiji kwa mara moja, lakini hazisemi yote. Kilomita 4 kwenye tambarare ya Punjab ni mwendo wa dakika chache kwa pikipiki. Kilomita 4 zenye mto usio na daraja wakati wa masika ya Julai na Agosti zinaweza kuwa safari ya siku nzima, au safari isiyowezekana. Vilevile kijiji kinaweza kuandikiwa kwamba kina basi, wakati basi lenyewe hupita mara moja asubuhi na kurudi jioni.

Mpango wa mwaka 2000

Mwishoni mwa karne ya 20 ilikadiriwa kwamba karibu asilimia 40 ya makazi 825,000 ya vijijini hayakuwa na barabara inayopitika mwaka mzima. Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ilianzisha mpango unaoitwa kwa Kihindi Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana (PMGSY), yaani Mpango wa Waziri Mkuu wa Barabara za Vijijini. Fedha zilitoka serikali kuu, zikichangiwa na ushuru maalumu wa dizeli. Tangu mwaka wa fedha 2015–2016 majimbo mengi hulipa asilimia 40 ya gharama, na majimbo ya kaskazini-mashariki na ya Himalaya asilimia 10.

Uamuzi mmoja wa mwanzo ulikuwa wa busara: kipimo kisiwe kijiji cha daftari la kodi, bali kitongoji, yaani kundi la nyumba lililo mahali pamoja na lisilohamahama. Vitongoji hivyo huitwa *tola* huko Bihar, *dhani* huko Rajasthan, *para* huko Bengali, na majina mengine mengi. Kama kipimo kingekuwa kijiji, barabara ingeishia kwenye nyumba za wakubwa na kijiji kizima kingehesabiwa kuwa kimeunganishwa.

Masharti ya idadi, kwa kutumia sensa ya mwaka 2001, yalikuwa haya: kwenye nchi tambarare kitongoji kiwe na wakazi 500 au zaidi, kwenye majimbo ya milima, jangwa na maeneo ya makabila ya asili, 250 au zaidi. Baadaye maeneo yaliyoathiriwa na uasi wa wafuasi wa Mao yaliruhusiwa kuanzia wakazi 100. Vitongoji vya watu 1,000 na zaidi vilitangulia, kisha vya 500 na zaidi, halafu vidogo. Kitongoji huhesabiwa kuwa hakijaunganishwa kikiwa umbali wa mita 500 au zaidi kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Milimani kipimo ni kilomita 1.5, tena ya njia inayotembewa, si ya mstari ulionyooka kwenye ramani.

Vitongoji vilivyokaribiana ndani ya umbali huohuo vinaweza kujumlishwa. Kwa mfano, vitongoji vitatu vya watu 210, 180 na 140 havifai kimoja kimoja, lakini kwa pamoja vina watu 530, na barabara inaruhusiwa. Kitongoji cha watu 480 kilicho peke yake mtoni hakina wa kujumlishwa naye.

Barabara yenyewe ni ya kawaida sana. Upana wa sehemu ya kupita magari ni mita 3.75, na mita 3 pale magari yanapokuwa machache, kwa hiyo magari mawili yakikutana moja hupanda ukingoni. Neno "inayopitika mwaka mzima" halina maana ya lami lazima. Maana yake ni kwamba maji yana pa kupita: makalvati, madaraja madogo na mifereji, hata kama mafuriko yataikatiza njia kwa muda mfupi unaokubaliwa. Wajuzi wa barabara za udongo popote duniani wanajua kwamba hapo ndipo ilipo gharama kubwa. Mkandarasi aliyejenga hufungwa na mkataba wa kuitunza kwa miaka 5. Kila kitongoji kina haki ya njia moja tu ya kukiunganisha na mtandao. Barabara ya pili si sehemu ya mpango.

Mpango hauna fungu la kununua ardhi. Jimbo ndilo linalopaswa kuipata, na mara nyingi wakulima huombwa watoe ukanda wa shamba bila malipo. Kwa mwenye hekta 10 hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye robo hekta, ukanda wa mita chache ni chakula cha familia, na mmoja akikataa barabara nzima hukwama.

Tarakimu inayovutia mkono

Mahali ambapo watu 499 na watu 500 wana hatima tofauti, ni rahisi kubashiri kitakachotokea kwa takwimu. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad, waliochunguza mpango huu, waliona kwamba katika orodha za mpango wenyewe vitongoji vilijazana isivyo kawaida juu kidogo ya mipaka ya 500 na 1,000. Ofisi za chini zilikuwa zikivisogeza. Kwa sababu hiyo watafiti hao hawakutegemea tarakimu za mpango, wakatumia zile za sensa, zilizokusanywa na watu wasiohusika na barabara.

Kuna hitilafu nyingine iliyo kinyume chake. Utafiti wa Jonathan Lehne, Jacob Shapiro na Oliver Vanden Eynde, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha barabara zilizoandikwa kuwa zimekamilika na kulipwa na majibu ya sensa ya mwaka 2011. Baadhi ya vijiji vilivyotakiwa kuwa na barabara havikuwa nayo. Walikuta pia kwamba baada ya mbunge wa jimbo kushinda uchaguzi kwa kura chache, zabuni ziliwaendea zaidi wakandarasi wenye jina la ukoo kama lake, na barabara hizo "zilizopotea" ziliongezeka. Karani wa sensa, kwa kuuliza swali fupi kuhusu barabara, alikuwa mkaguzi bila kujua.

Tola ya pembezoni

Katika vijiji vingi vya kaskazini watu wa matabaka tofauti hawaishi pamoja. Wenye ardhi hukaa katikati, na Wadalit, waliotengwa kwa karne nyingi kuwa "wasioguswa", hukaa katika tola yao pembeni, mara nyingi kwenye ardhi ya chini inayojaa maji. Tola hizo ni ndogo, hivyo ndizo zinazoanguka chini ya mpaka wa 500. Kipimo kisichotaja tabaka hata kidogo huishia kulichagua. Baadhi ya majimbo yaliliona pengo hilo. Bihar ilianzisha mipango yake yenyewe kwa vitongoji vilivyoachwa na mpango wa taifa.

Mfano wa Gehlaur

Kijiji cha Gehlaur katika wilaya ya Gaya, jimbo la Bihar, kinajulikana kote Uhindi kwa sababu ya barabara iliyochongwa na mtu mmoja. Kijiji kiko chini ya kilima cha mawe kinachokitenga na Wazirganj, ambako kulikuwa na soko, shule na matibabu. Kwa kupita juu ya kilima njia ilikuwa ya hatari. Kwa kuzunguka, umbali kati ya tarafa za Atri na Wazirganj ulikuwa karibu kilomita 55.

Dashrath Manjhi alikuwa kibarua wa mashambani wa jamii ya Wamusahar, mojawapo ya jamii maskini zaidi za Wadalit. Mke wake, Phalguni Devi, alifariki mwaka 1959, na husimuliwa kwamba alikosa matibabu kwa sababu ya umbali huo. Mwaka 1960 Manjhi alianza kuchonga mwamba kwa nyundo na tindo. Alifanya hivyo kwa miaka 22, huku wengi wakimwona mwendawazimu na wachache wakimletea chakula. Alipomaliza mwaka 1982 palikuwa na njia ya urefu wa mita 110, upana wa mita 9 na kina cha zaidi ya mita 7 katika mwamba. Umbali wa kilomita 55 ulikuwa umebaki takriban 15.

Manjhi alifariki mjini Delhi tarehe 17 Agosti 2007, na serikali ya Bihar ilimpa mazishi ya kitaifa. Mwaka 2015 ilitolewa filamu juu ya maisha yake iliyoongozwa na Ketan Mehta, na mwaka 2016 posta ya Uhindi ilitoa stempu yenye picha yake. Sifa hizo ni stahiki, lakini huwa zinaficha jambo moja: mita 110 za mwamba zilikuwa kazi ndogo kwa idara yoyote ya ujenzi yenye baruti na mashine, na katika miaka hiyo yote 22 hakuna idara iliyokuja. Njia yenyewe ilikuja kutengenezwa kuwa barabara ya magari miaka mingi baada ya yeye kuifungua.

Kinachopita juu ya barabara

Barabara ikishakamilika, basi la serikali halifuati mara moja. Kinachofika kwanza ni pikipiki, kisha jipu na magari madogo ya abiria yanayosubiri mpaka yajae ndipo yaondoke, na gari la matairi matatu. Gari hilo la mwisho linajulikana vizuri Afrika ya Mashariki: jina "bajaji" la Tanzania limetokana na kampuni ya Uhindi ya Bajaj. Siku hizi mengi yanatumia betri. Kaskazini huonekana pia *jugaad*, gari lililoungwa na mafundi wa mitaani kwa mbao, vyuma chakavu na injini ya dizeli ya pampu ya kumwagilia. Halina usajili wala bima, na hubeba abiria pamoja na magunia. Matrekta hufanya kazi hiyohiyo wakati wa harusi na wa mavuno.

Mbali na injini, baiskeli imeleta mabadiliko makubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2006 Bihar ilianza kuwapa fedha za kununua baiskeli wasichana walioingia darasa la 9. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikadiria kwamba uandikishaji wa wasichana wa umri unaofaa katika shule za sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Waliofaidika zaidi ni wale wa vijiji vilivyo mbali na shule. Kabla ya hapo kilomita 4 au 5 za kutembea peke yake zilitosha kumfanya mzazi amwachishe binti masomo.

Pasipo barabara mgonjwa hubebwa. Katika milima ya makabila ya asili ya Andhra Pradesh wajawazito hubebwa kwa *doli*, shuka au kikapu kilichoning'inizwa kwenye mti mabegani mwa wanaume wawili, kitu ambacho Waswahili waliita machela. Tangu mwaka 2005 serikali huwalipa akina mama maskini wanaojifungulia hospitalini, na mwaka huohuo huduma ya gari la wagonjwa kwa namba ya simu 108 ilianzia Andhra Pradesh kabla ya kuenea katika majimbo mengi. Gari hilo husimama pale barabara inapoishia, na machela huanzia hapo.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Asher na Novosad walitumia mipaka ya 500 na 1,000 kama jaribio lisilokusudiwa, wakilinganisha vijiji vilivyopita kidogo juu yake na vilivyopungua kidogo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yaliwashangaza waliotarajia utajiri. Usafiri wa abiria uliongezeka, na wafanyakazi wengi waliacha kilimo wakaenda kutafuta vibarua nje ya kijiji. Hata hivyo mavuno, kipato na mali za kaya havikubadilika sana, na biashara za kijijini zilikua kidogo tu. Kwa upande wa elimu, utafiti mwingine wa wawili hao pamoja na Anjali Adukia ulionyesha kwamba uandikishaji katika shule za kati uliongezeka kwa takriban asilimia 7 ndani ya miaka miwili ya barabara kujengwa.

Tokeo hilo la kwanza halimaanishi kwamba barabara haina faida. Mama anayefika hospitali akiwa hai haonekani katika safu ya kipato. Lakini linapunguza ahadi ya wanasiasa kwamba barabara peke yake itaondoa umaskini wa kijiji ambacho hakina cha kuuza.

Milimani barabara huweza pia kurahisisha kuondoka. Katika jimbo la Uttarakhand wilaya za Almora na Pauri Garhwal zilipoteza wakazi kati ya sensa za mwaka 2001 na 2011, wakati Uhindi kwa jumla iliongezeka watu zaidi ya milioni 180. Tume ya uhamaji iliyoundwa na jimbo hilo iliripoti mwaka 2018 kwamba vijiji na vitongoji 734 vilikuwa vimebaki bila mtu tangu mwaka 2011. Walioondoka walitaja ajira, shule na matibabu. Hapo kanuni ya idadi huzunguka vibaya: vijana wanahama kwa kukosa barabara, wakazi wanashuka chini ya 250, na kitongoji kinapoteza haki ya barabara ambayo ingewazuia.

Sensa iliyochelewa

Mwezi Septemba 2024 serikali iliidhinisha awamu ya nne ya mpango, yenye lengo la kuunganisha vitongoji 25,000 kwa kilomita 62,500 za barabara hadi mwaka wa fedha 2028–2029, kwa bajeti ya rupia bilioni 701. Mipaka ya wakazi imebaki ileile, ila sasa inasomwa katika sensa ya mwaka 2011 badala ya 2001. Kitongoji kilichokuwa na watu 430 mwaka 2001 na 520 mwaka 2011 kimeingia katika orodha baada ya kusubiri zaidi ya miaka 20. Kilichofikia 500 baada ya hapo bado kimeandikwa kwa idadi ya zamani.

Sensa ya mwaka 2021 iliahirishwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19, ikiwa mara ya kwanza tangu mwaka 1881 kwa mfululizo wa kila miaka 10 kukatika. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba sensa itafanyika mwaka 2027, na tarehe ya kuhesabia ni tarehe 1 Machi. Ladakh na sehemu zenye theluji za Jammu na Kashmir, Himachal Pradesh na Uttarakhand zimewekewa tarehe ya mapema zaidi, 1 Oktoba 2026, kwa kuwa wakati wa baridi njia hufungwa na makarani hawawezi kuvifikia vijiji hivyo.